Namba ya mauzo ya komiki za mashujaa inahesabu nini hasa?

Kila mwezi naletewa picha zilezile kwenye simu: orodha ya komiki za mashujaa zilizoongoza kwa mauzo Marekani, na chini yake swali. Wengi wanaoniuliza ni vijana wachoraji wa hapa Unguja, na wapo wa Wete na Chake kule Pemba pia. Wanataka kutoa komiki zao za Kiswahili, na wanazitazama namba za Marvel na DC, wachapishaji wakubwa wa kule, ili wajue soko linavyokwenda. Kazi yangu ni hesabu za mauzo, na takwimu za komiki nimezifuata miaka mingi kwa mapenzi tu. Naona bora nijibu hapa kwa urefu, kwani namba hizi zikisomwa vibaya zinaweza kumfanya kijana akachapishe mzigo ambao hautatoka.

Nianze na lililo kubwa kuliko yote. Kwa sehemu kubwa ya historia yake, namba ya mauzo ya mwezi haihesabu nakala zilizonunuliwa na wasomaji. Inahesabu nakala ambazo maduka yamezinunua kwa msambazaji. Chukulia biashara ya kanga. Mwagizaji anashusha chapa mpya kabla ya Idd, wenye maduka ya Darajani wanagombania korja. Akikwambia mzigo wote umeuzwa, amesema kweli, lakini hajakwambia ni doti ngapi zimefika mwilini mwa watu. Zilizobaki rafuni hadi mfungo mosi ukapita, yeye ameshazihesabu kuwa zimeuzwa.

Hali hiyo ina chanzo chake. Zamani komiki za Marekani ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti na maduka ya dawa, na zisizouzwa zilirudishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mfanyabiashara wa New York aitwaye Phil Seuling alipatana na wachapishaji wauzie maduka maalumu ya komiki moja kwa moja: duka lipate punguzo kubwa la bei, lakini mali ikishauzwa hairudishwi. Mpango huo uliokoa tasnia nzima. Ila tangu hapo hatari yote ikahamia kwa mwenye duka, na mchapishaji akawa anaweza kutangaza mauzo makubwa bila kujua kama kuna mtu hata mmoja aliyefungua ukurasa wa kwanza.

Mfano mkubwa ni komiki ya Marvel, X-Men toleo la 1 la mwaka 1991, lililoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Jim Lee. Liliuza zaidi ya nakala milioni 8, rekodi ambayo imeingia hadi kwenye kitabu cha Guinness. Lilitoka na majalada matano tofauti, na watu wengi walinunua yote matano wakiamini ni akiba ya uzeeni. Maduka nayo yaliagiza kwa maboksi. Hadi leo nakala zake zinapatikana kwa bei ya chini, maana hazikuisha. Miaka michache baadaye wanunuzi wa kulangua walipoondoka, maduka mengi yalifunga, na Desemba 1996 Marvel yenyewe ikaomba kinga ya kufilisika. Anayesoma orodha ya 1991 peke yake ataona mwaka wa neema, wakati maboksi yale yalikuwa tayari yamejaa ghala.

Namba zenyewe zilipatikana vipi? Hapa ndipo mimi hupenda kukaa. Kuanzia 1997 hivi hadi 2020, karibu komiki zote zilizokwenda kwenye maduka maalumu ya Marekani zilipita kwa msambazaji mmoja, kampuni ya Diamond. Diamond hakutangaza idadi ya nakala. Alitoa orodha ya mwezi yenye fahirisi, na kipimo kilikuwa komiki ya Batman: Batman ni 100, nyingine zote zinapimwa kwayo. Komiki yenye 150 imeuza mara moja na nusu ya Batman, yenye 40 imeuza chini ya nusu yake. Watafiti, na anayejulikana zaidi ni John Jackson Miller wa tovuti ya Comichron, walitafuta idadi ya kweli ya komiki moja au mbili kutoka kwa wachapishaji, kisha wakapiga hesabu kurudi nyuma kwa orodha nzima. Tuseme komiki yenye fahirisi 60 imejulikana kuwa imeuza nakala 48,000. Basi pointi moja ni nakala 800, na Batman mwezi huo ameuza 80,000. Ni hesabu ya darasa la sita, lakini ndiyo iliyotupa picha ya soko kwa zaidi ya miaka 20. Na hadi 2003 kilichopimwa kilikuwa oda za awali tu. Baada ya hapo ndipo zikaingia nakala zilizosafirishwa kweli.

Sasa lile swali linaloulizwa kuliko yote: "Kaka, toleo la kwanza limeuza sana, la pili limeanguka nusu. Hadithi ilikuwa mbaya?"

Hapana. Hadithi bado haijapigiwa kura. Maduka huagiza takriban miezi miwili kabla, na nafasi ya mwisho ya kubadilisha oda hufungwa wiki kadhaa kabla ya toleo kuuzwa. Kwa hiyo oda ya toleo la pili hufungwa wakati la kwanza ndiyo kwanza linaingia dukani, au hata halijaingia. Mwenye duka anakisia. Anajua toleo la kwanza litanunuliwa na wakusanyaji na wapita njia, anajua la pili halina watu hao, basi anakata mapema. Juu yake kuna majalada maalumu: agiza nakala 25 za kawaida, upewe moja ya jalada adimu. Duka linaweza kuagiza 50 lisizozihitaji kwa ajili ya majalada mawili ya kumuuzia mkusanyaji kwa bei ya juu. Toleo la pili mara nyingi halina chambo kikubwa hivyo.

Black Panther ya 2016, iliyoandikwa na Ta-Nehisi Coates na kuchorwa na Brian Stelfreeze, ilianza Aprili kwa oda zaidi ya 250,000 na kuongoza orodha ya mwezi. Toleo la pili halikufika hata nusu ya hapo. Wapo waliosema wasomaji wameikataa, nami sikukubaliana nao. Sauti ya msomaji huanza kusikika kwenye toleo la tatu au la nne, wenye maduka wanapoona nakala ngapi zimebaki mkononi. Mimi huanza kuhesabu hapo: kuanzia la nne hadi la nane, linashuka kwa asilimia ngapi kila mwezi? Komiki nyingi hushuka polepole tu, na hilo ni la kawaida. Inayosimama palepale miezi minne mfululizo ina wasomaji wa kweli, hata kama iko nafasi ya 90.

Kuhusu sinema nitasema kwa ufupi, maana watu hawapendi kuliamini. Sinema ya Black Panther ilitoka Februari 2018 na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Komiki yake ya kila mwezi haikurudi hata karibu na ile namba ya 2016. Lakini Batman alipoingia kwenye televisheni Januari 1966, wastani wa mauzo ya komiki yake mwaka huo ulikaribia nakala 900,000. Tofauti ni pa kununulia. Mwaka 1966 mtoto aliyetoka kutazama aliikuta kwenye kibanda cha kona. Mtazamaji wa 2018 ilibidi alijue duka maalumu, ambalo pengine halipo katika mji wake.

Habari za nje zinaweza kuipandisha namba kwa mwezi mmoja. Januari 2009, Amazing Spider-Man toleo la 583 lilikuwa na Barack Obama, na liliuza zaidi ya nakala 350,000 mwezi huohuo. Matoleo yaliyofuata yalirudi kwenye kiwango chake. Anayechora mstari wa mwaka lazima alitie alama toleo kama hilo, asije akadhani kuna kupanda na kushuka.

Na kabla hujalinganisha mwezi na mwezi, hesabu Jumatano. Ndiyo siku ya kawaida ya komiki mpya, na mwezi wenye Jumatano tano unapata mzigo wa wiki nzima zaidi. Tazama na bei pia: Detective Comics toleo la 1000, Machi 2019, liliuzwa dola 9.99 wakati komiki nyingi zilikuwa 3.99. Orodha ya fedha na orodha ya nakala hazisemi jambo moja.

Tangu 2020 kazi imekuwa ngumu zaidi. Diamond alisimamisha mizigo mipya kwa wiki kadhaa wakati wa korona, DC wakamwacha mwezi Juni, Marvel wakahamia kwa msambazaji mwingine, Penguin Random House, Oktoba 2021, na Januari 2025 Diamond mwenyewe akaomba kinga ya kufilisika. Ile fahirisi moja ya kupimia soko zima haipo tena. Baadhi ya orodha za sasa hutokana na mashine za kaunta za maduka kadhaa. Kwangu hilo ni jema kwa upande mmoja, maana angalau linamhesabu mnunuzi wa mwisho, lakini mara nyingi linakupa nafasi bila idadi.

Kwa vijana wangu wa hapa, hamna haja ya kuiga kipimo cha kule. Mkipeleka nakala kwenye meza za magazeti Darajani au maduka ya vifaa vya skuli Chake, pelekeni kwa mali kauli, na daftarini muwe na safu tatu kwa kila toleo: zilizopelekwa, zilizouzwa, zilizorudi. Hiyo ya katikati ni namba ambayo Marvel hawakuwa nayo mwaka 1991. Andikeni pia kama mwezi ulikuwa na Ramadhani, Idd au skuli zilifungwa. Idd huja mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo Aprili ya mwaka huu na Aprili ya miaka miwili nyuma haziwezi kuwekwa kwenye mstari mmoja bila alama hiyo. Na kabla ya kwenda kwa mchapaji na toleo la pili, pitieni kwanza kwenye zile meza mkahesabu zilizobaki.