Saa ya Kisumu, saa ya London: kompyuta huzitunza vipi?

Mwezi wa Machi ukifika mwisho, mechi za Jumamosi za Ligi Kuu ya Uingereza tulizozoea kuziona saa kumi na mbili jioni huanza saa kumi na moja. Wenye mabanda ya kuonyesha mpira kule Kondele na Nyalenda hubadilisha ratiba ubaoni, na mwisho wa Oktoba huibadilisha tena. Ukimuuliza Mwingereza atakwambia mpira haujasogezwa hata dakika moja, kwani kwao bado unaanza saa tisa alasiri. Kilichosogezwa ni saa yenyewe. Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza hupeleka saa zao mbele kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huzirudisha nyuma.

Sababu yao ni jua. Mchana wa London hudumu kama saa nane mwezi Desemba, na zaidi ya saa kumi na sita mwezi Juni. Ujerumani ilianza kusogeza saa mwaka 1916, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza, ili watu watumie mwanga wa jioni na kupunguza matumizi ya makaa ya mawe, na Uingereza ikafuata wiki chache baadaye. Sisi tulio karibu kabisa na mstari wa Ikweta tuna mchana wa saa kumi na mbili na dakika chache mwaka mzima, kwa hiyo hatuna cha kusogeza. Ni neema, lakini imewazoesha vibaya watengenezaji programu wetu. Katika idara ya kompyuta ninayofundisha hapa Kisumu, wanafunzi wengi huingia darasani wakiamini kwamba ukishajua Kenya iko saa tatu mbele ya saa ya ulimwengu, yaani UTC, umemaliza habari ya wakati.

Tuanze na kompyuta yenyewe. Ndani yake hakuna saa ya Kisumu wala ya London. Mifumo mingi huhesabu sekunde tu, kuanzia saa sita usiku kwa UTC, tarehe 1 Januari 1970. Hesabu hiyo ni moja dunia nzima. Sekunde ya 1,700,000,000 ilipotimia, Kisumu ilikuwa tarehe 15 Novemba 2023, saa saba na dakika 13 usiku, na London bado ilikuwa tarehe 14, saa nne na dakika 13 usiku. Namba moja, tarehe mbili, na zote mbili ni sahihi.

Kazi ngumu ni kuigeuza namba hiyo iwe saa ya mahali fulani. Hapo kompyuta inahitaji kujua serikali ya mahali hapo imeamua nini, tangu lini, na mpaka lini. Jua halitoshi kuijibu. Serikali hubadilisha saa kwa sheria, kwa amri ya baraza la mawaziri, pengine kwa tangazo la wiki moja kabla. Ni lazima mtu akusanye maamuzi hayo yote na kuyaandika.

Watu wanaofanya hivyo wapo. Hifadhidata inayotumiwa na simu za Android, kompyuta za Apple, seva za Linux na mifumo mingine mingi huitwa tz. Ilianzishwa na Mmarekani Arthur David Olson katika miaka ya 1980, na kwa muda mrefu sasa mratibu wake ni Paul Eggert. Ni maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua na kuyasoma, na wachangiaji wake hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Mwaka 2011 kampuni moja ya unajimu ya Marekani iliwashtaki Olson na Eggert ikidai historia ya saa iliyomo ni mali yake, kisha mwaka uliofuata ikaiondoa kesi. Kutokana na mtikisiko huo hifadhidata ilihamishiwa chini ya ICANN, shirika linalosimamia majina na namba za intaneti. Nawaeleza wanafunzi kisa hiki kila muhula, kwa sababu ni vizuri kujua kwamba simu yako inapokuonyesha saa sahihi, kuna watu waliokaa wakaandika kwa mkono.

Katika tz kila eneo hupewa jina la bara na la mji. Letu ni Africa/Nairobi, na ndilo linalotumika pia kwa Kampala, Dar es Salaam, Addis Ababa na Mogadishu. Kisumu na Nakuru hazina mistari yao kwa kuwa tangu 1970 hazijawahi kutofautiana na Nairobi. Lakini isome mistari ya Nairobi yenyewe. Kabla ya Mei 1908 imeandikwa kwa jua lake, saa mbili, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. Kisha ikawa saa mbili na nusu. Mwaka 1928 ikawa saa tatu, mwaka 1930 ikarudi saa mbili na nusu, mwanzoni mwa 1937 ikawa saa mbili na dakika 45, na tangu Agosti 1942 ni saa tatu tulizo nazo. Hiyo "+3" ambayo vijana wangu huiona kama imechongwa kwenye mwamba imebadilika mara kadhaa.

Na kwa jua, saa tatu si zetu hata kidogo. Ni za mstari wa longitudo 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Huku Kisumu, ukichukua wastani wa mwaka, jua hufika utosini saa sita na dakika 41 mchana. Ukitoka Nakuru asubuhi na kuja Kisumu, hapa jua huchelewa kuchomoza kwa dakika tano hivi, ingawa saa za mkononi zinasema kitu kimoja.

Mfano ulio karibu nasi ni wa mwaka 2021. Sudan Kusini ilikuwa na saa sawa na yetu hadi usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari mwaka huo, ilipojirudisha nyuma kwa saa moja. Toleo jipya la tz lilitoka mwishoni mwa Januari, siku chache tu kabla ya mabadiliko. Mfumo wa usafirishaji unaofuatilia malori yanayopita Eldoret na Malaba kwenda Juba, kama ulikuwa umeandika Juba kwa jina, ulihitaji kusasishwa tu. Kama mtengenezaji alikuwa ameiandika "+3", hakuna sasisho ambalo lingeweza kumwokoa, kwani namba haisemi ni ya nchi gani.

Lebanoni ndiyo iliyoonyesha upande mwingine wa jambo hili. Machi 2023 serikali ilitangaza, siku chache kabla, kwamba saa za kiangazi, yaani kule kupeleka saa mbele, zitaahirishwa hadi baada ya Ramadhani. Makanisa na baadhi ya vituo vya televisheni vikakataa. Kwa siku kadhaa nchi moja ikawa na saa mbili, kisha serikali ikabatilisha uamuzi wake. Waratibu wa tz walikuwa wametoa toleo la kufuata tangazo la kwanza. Ikabidi watoe jingine la kulifuta. Mwaka huohuo Misri ilirudisha saa za kiangazi baada ya kuziacha kwa miaka kadhaa.

Kwa anayejenga mfumo, tofauti kubwa iko kati ya yaliyopita na yajayo. Malipo yaliyokwisha kufanyika yahifadhiwe kwa UTC, kwa kuwa lililotokea halibadiliki. Miadi ijayo ni jambo jingine. Tuseme mwanafunzi wa Kakamega amepangiwa mwezi Februari usaili wa mtandaoni utakaofanyika tarehe 10 Aprili, saa tatu asubuhi ya London. Mfumo ukitumia tofauti ya Februari, ambayo ni saa tatu, utamwambia aingie saa sita mchana. Ukweli ni saa tano, kwa maana Aprili London imeshasogea. Ataingia waliomsubiri wakiwa wameondoka. Miadi ya namna hii ihifadhiwe kama ilivyotamkwa, tarehe, saa tatu asubuhi, Europe/London, na hesabu ya saa ya Kisumu ifanywe wakati wa kuonyesha. Serikali ikibadilisha sheria katikati, miadi hubaki salama.

Saa za ukutani zina hila nyingine pia. Usiku wa Oktoba ambao Uingereza hurudisha saa, saa saba na nusu usiku hutokea mara mbili. Rejesta ya zamu ya usiku ya hospitali huko, ikiandika saa ya ukutani pekee, haiwezi kueleza ni sindano ipi iliyotangulia. Machi kuna saa nzima ambayo haipo kabisa.

Kwa asiye mtengenezaji programu, simu nyingi za zamani hazipokei tena masasisho, kwa hiyo sheria zilizomo zinaweza kuwa za miaka iliyopita. Kwa Kenya haitakudhuru, lakini usiitegemee kukupa saa ya Cairo au Juba. Unapoweka mkutano kwenye kalenda ya simu, usifanye hesabu kichwani. Andika saa ya mwenyeji na uchague mji wake. Na mnaofanya kazi za mtandaoni kwa Wamarekani na Waingereza kwa pamoja, angalieni Machi kwa makini. Marekani hupeleka saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho. Kwa wiki hizo mbili au tatu, kikao cha saa tatu asubuhi ya New York huwa saa kumi jioni kwenu badala ya saa kumi na moja, ilhali cha London hakijasogea bado.