Njia ya damu kwa mzee anayefanyiwa dialisisi

Njia ya damu ni mahali mwilini ambapo, wakati wa dialisisi, damu ya mgonjwa wa figo hutolewa kwenda kwenye mashine, ikasafishwa na kurudishwa. Sindano ya dripu haitoshi kwa kazi hiyo. Mashine huvuta mililita 300 hadi 400 kwa dakika, kwa saa 4 hivi, kwa kawaida mara 3 kwa wiki. Vena za mkononi, mishipa inayorudisha damu moyoni, hazina kasi hiyo. Ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, inayo, ila imejificha ndani na kuidunga kila mara ni kuiharibu.

Kwa hiyo daktari wa upasuaji huunganisha ateri na vena chini ya ngozi ya mkono. Hiyo ndiyo fistula ya dialisisi, isichanganywe na fistula ya uzazi. Msukumo wa ateri huipanua vena na kuimarisha ukuta wake mpaka istahimili sindano nene. Hukomaa kwa miezi 2 au 3. Vena zikiwa mbovu, huwekwa grafti, yaani mrija laini wa plastiki kati ya ateri na vena, unaoweza kutumika baada ya wiki 2 au 3. Katheta ni mpira wenye njia mbili unaopitishwa shingoni, hasa upande wa kulia, hadi karibu na moyo. Unatumika siku hiyohiyo, lakini ndio unaoongoza kwa kuingiza vijidudu kwenye damu.

Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa fistula kwanza, kwa kila mtu. Kwa mzee ushauri huo huweza kuumiza. Kisukari na umri huzifanya ateri zigande chokaa, na fistula nyingi za wazee hazikomai bila kurudiwa upasuaji. Wakati huo wote mgonjwa bado anatumia katheta, kwa hiyo amebeba hatari za vyote viwili. Fistula pia huweza kuunyima mkono damu, vidole vikawa baridi na kuuma, na huuongezea kazi moyo uliokwisha kuchoka. Ndiyo maana mwongozo wa wataalamu wa figo wa Marekani, KDOQI, wa 2019 unataka mpango unaomfaa kila mgonjwa mwenyewe.

Umri peke yake hauamui. Mzee wa miaka 78 mwenye moyo imara, ateri isiyopungua milimita 2 na vena ya milimita 2.5 kwenye ultrasaundi anastahili fistula. Aliyedhoofu, ambaye muda wa kuishi unakadiriwa kwa miezi, anaweza kubaki na katheta bila mtu kuona amepuuzwa. Aulizwe pia mwenyewe: yuko tayari kwa upasuaji zaidi ya mmoja? Anadungwa sindano mbili kila kikao, anaziweza?

Kosa linaloonekana mno hutokea mapema: damu huchukuliwa na dripu huwekwa kwenye mkono uleule utakaohitajika baadaye. Zitumike vena za mgongo wa kiganja. Katheta ya chini ya mtulinga nayo iepukwe, kwa sababu huifinya vena kubwa na kuufanya mkono wa upande huo usifae tena.

Nyumbani, mwenye fistula aiguse kila siku asikie mtetemo wa damu inayopita. Mtetemo ukikoma, huenda damu imeganda, aende hospitali siku hiyohiyo. Mwenye katheta asiiloweshe. Akipata homa na baridi kali wakati wa dialisisi, hayo ni maambukizi ya damu mpaka vipimo vionyeshe vingine.