Thomas More na dhamiri: tunavyosimulia na ilivyokuwa

Kila unapozuka mjadala kuhusu Mkatoliki aliye katika siasa, jina la Mtakatifu Thomas More, mwanasheria na kiongozi wa serikali ya Uingereza, halikosi kutajwa. Ni haki yake: Papa Yohane Paulo II alimtangaza msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa tarehe 31 Oktoba 2000. Linaloniuma ni kwamba More tunayemsimulia mara nyingi siye yule aliyekatwa kichwa London tarehe 6 Julai 1535.

Dhana: alimkemea mfalme hadharani

Watu humchanganya na Yohane Mbatizaji mbele ya Herode. More alikuwa mwanasheria, na silaha yake kuu ilikuwa kunyamaza. Mfalme Henry VIII wa Uingereza alipotaka ndoa yake na Malkia Catherine wa Aragon ibatilishwe, More alimwambia faraghani kwamba haoni njia ya kumuunga mkono, kisha akafunga kinywa. Tarehe 15 Mei 1532 wakuu wa Kanisa la Uingereza walisalimu amri, wakakubali sheria zao ziwe chini ya mfalme. Kesho yake More alirudisha muhuri mkuu wa dola, akaacha cheo cha Chansela, yaani waziri mkuu wa mfalme katika mambo ya sheria, bila kelele.

Aprili 1534 aliitwa Lambeth, makao ya askofu mkuu huko London, aape kufuatana na sheria mpya ya urithi wa kiti cha enzi; kiapo chenyewe kilibeba pia kuikana mamlaka ya Papa. Aliomba kiapo, akakisoma. Akaomba na sheria yenyewe, akaisoma, akalinganisha maandishi hayo mawili kimyakimya. Akajibu kwamba kuhusu nani arithi ufalme yuko tayari kuapa, ila kiapo kama kilivyoandikwa kingeitia roho yake hatarini. Kwa nini? Hakusema. Sheria ilihitaji maneno ili imtie mtu hatiani kwa uhaini, na kwa kanuni ya kale ya wanasheria, mwenye kunyamaza huhesabiwa amekubali.

Akafungwa gerezani. Basi maneno yakatafutwa. Juni 1535 walikuja watu watatu kwenye chumba chake gerezani kuchukua vitabu vyake. Wawili walikuwa wakivisokomeza ndani ya gunia. Wa tatu, mwanasheria wa serikali aitwaye Richard Rich, akaanzisha mazungumzo. Siku ya hukumu, tarehe 1 Julai, Rich aliapa kwamba katika mazungumzo hayo More aliukana ukuu wa mfalme juu ya Kanisa la Uingereza, ambao Bunge lilikuwa limeutangaza kwa sheria. More akajibu kwamba kama hayo ni kweli, basi yeye asiuone uso wa Mungu milele. Wale wawili walipoulizwa, walisema walikuwa wameshughulika na vitabu, hawakusikia kitu. Hata hivyo alipatikana na hatia upesi. Ni baada ya hapo tu alipotamka wazi kwamba hakuna Bunge linaloweza kumfanya mfalme kuwa kichwa cha Kanisa.

Dhana: dhamiri ni moyo wangu unavyoniambia

Hii ndiyo inayotupotosha zaidi siku hizi. Mtu akishasema "dhamiri yangu hainiruhusu", mazungumzo yameisha, kana kwamba dhamiri haidaiwi maelezo. Kwa More dhamiri ilikuwa na jasho lake. Mwenyewe aliandika kwamba zamani hakuwa na hakika kwamba mamlaka ya Papa yamewekwa na Mungu. Kilichomsukuma kulichunguza jambo hilo ni kitabu alichokiandika Henry mwenyewe kumpinga Martin Luther, mwaka 1521! Akawasoma Mababa wa Kanisa, yaani walimu wake wa karne za mwanzo, na mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, kwa miaka, mpaka akaridhika. Alipoambiwa mahakamani kwamba maaskofu wote na vyuo vikuu vimekubali, hakujibu kwa hisia. Alisema kwa kila askofu wao mmoja yeye anao watakatifu zaidi ya mia. Dhamiri yake haikuwa peke yake. Ilisimama pamoja na wengi waliomtangulia.

Dhana: alikuwa mtawa asiyejali mambo ya dunia

Alikaa kwa muda karibu na watawa Wakartusi wa London, lakini akachagua ndoa. Alikuwa mlei, baba wa watoto wanne, Spika wa Bunge mwaka 1523, na katika nafasi hiyo alimwomba mfalme awaruhusu wabunge waseme maoni yao bila hofu. Kifo hakukikimbilia, wala yeye hakumchukia mfalme.

Dhana: mtakatifu hana doa

Hapa sisi Wakatoliki hatuna budi kusema kweli, hata ikituchoma. More alipokuwa Chansela, watu 6 walichomwa moto kwa uzushi, na katika kesi 3 kati ya hizo alihusika mwenyewe. Aliitetea adhabu hiyo kwa maandishi. Papa Yohane Paulo II, katika waraka uleule wa kumfanya msimamizi, alikiri kwamba mwenendo wake kwa wazushi ulionyesha mipaka ya utamaduni wa zama zake. Mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano II ulifundisha kwamba asilazimishwe mtu yeyote kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini. Anayemtaja More bila kuwataja hao sita anasimulia nusu ya habari.

Dhana: aliwahesabu walioapa kuwa wasaliti

Karibu kila aliyemjua aliapa. Hata Margaret, binti yake mkubwa, aliapa, akiongeza sharti kwamba ni kwa kadiri sheria ya Mungu inavyoruhusu, na akamsihi baba yake afanye vivyo hivyo. More alikataa, lakini hakumlaumu; alisema hahukumu dhamiri ya mtu mwingine.

Alipokuwa akirudishwa gerezani kutoka mahakamani, Margaret alipenya katikati ya walinzi wenye silaha, akamkumbatia shingoni mbele ya umati. Tarehe 5 Julai, siku moja kabla ya kifo, More alimwandikia barua kwa kipande cha mkaa. Alimwambia kwamba hajawahi kumpenda zaidi ya pale alipombusu mara ya mwisho, kwa sababu upendo wa binti ulikuwa hauna nafasi ya kuangalia adabu za ulimwengu.