Mvuvi wa Kibirizi na kura za Ulaya

Ziwa Tanganyika lilipofungwa miezi mitatu mwaka 2024 ili samaki wazaliane, nilikuwa nikishuka Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, jioni kuzungumza nao. Mmoja, mzee wa rika la baba yangu, aliniambia: "Mwalimu, njaa naijua. Kinachoniuma ni kulala usiku, saa za kuvua, kama mgonjwa, wajukuu wakiniangalia." Tangu hapo, nikifundisha siasa za Ulaya, naanza na mzee huyo.

Vyama vya kipopulisti ni vile vinavyoigawa nchi mafungu mawili: wananchi safi huku, wakubwa walaji kule. Wataalamu wamebishana miaka mingi kinachovipa kura, uchumi au utamaduni. Mimi naona hayo mawili hayatenganiki.

Tazama Hénin-Beaumont, kaskazini mwa Ufaransa, mji wa makaa ya mawe uliokuwa ngome ya wajamaa. Machimbo yalikwisha, kisha mwaka 2003 kiwanda jirani cha kuyeyusha madini ya risasi na zinki kikafungwa, watu zaidi ya 800 wakakosa kazi. Mwaka 2014 mji ukachagua meya wa Front National, chama cha kipopulisti cha mrengo wa kulia. Aliyeachishwa kazi kule hupata posho ya serikali, halali njaa. Lakini posho haimrudishii chama cha wafanyakazi, wenzake wa zamu, wala fahari ya kijana kufanya kazi aliyoifanya baba yake. Mfuko umetoboka, na heshima imevujia humo humo.

Uingereza nako kuna Boston, mji wa Lincolnshire. Kwenye kura ya maoni ya 2016, asilimia 75 na zaidi walitaka kujitoa Umoja wa Ulaya. Kazi zilikuwepo, tena mashamba ya mboga ndiyo yaliyowavuta wafanyakazi wa Poland na Lithuania baada ya 2004. Wenyeji wakalalamikia kodi za nyumba na foleni za hospitali. London, yenye wageni wengi kuliko Boston, ilichagua kubaki. Kwa hiyo si wingi wa wageni tu, ni kasi ya mji kubadilika sura. Sisi wa Ujiji tumezaliwa tukisikia Kiha, Kibembe na Kirundi sokoni, hatushtuki. Kwao lilikuwa jambo geni.

Wanafunzi wangu huwaita wapiga kura hao wajinga. Nawakatalia kabisa. Uchungu peke yake hauendi kupiga kura, mpaka atokee mtu wa kuupa jina na kumtaja mkosaji: mhamiaji, Brussels yaliko makao ya Umoja wa Ulaya, wasomi wa mji mkuu. Mara nyingi mkosaji anayetajwa siye. Uchungu, hata hivyo, ni wa kweli.

Nilimuuliza yule mzee: kama siku zile angekuja mtu akakwambia fulani ndiye aliyekunyang'anya ziwa, ungemsikiliza?

Alikuwa akishona wavu. Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Ningempa kigoda akae."