Spishi mpya ya konokono inapatikana mezani, sio msituni

Watu wakisikia nafanya kazi ya konokono wadogo huwa wanauliza kitu kimoja tu, umeshagundua wangapi wapya, na kichwani wanapiga picha ya mtu ameingia Usambara au Shimba Hills na mabuti yake, anainua gogo, anakuta mdudu ambaye hajawahi kuonekana, anapiga kelele. Hapana bwana. Msituni unapata mfuko wa majani yaliyooza na kuumwa na siafu. Ugunduzi wenyewe unatokea mezani, mara nyingi miaka kadhaa baadaye, kitabu cha Kijerumani cha 1897 kikiwa upande mmoja na kigamba cha milimita tatu upande wa pili, na swali sio "huyu ni mpya?", swali ni "nani alishampa jina kabla yangu?"

Kwanza nieleze ni akina nani hawa. Simaanishi wale majitu yanayomaliza mchicha wako usiku, yule Lissachatina fulica. Nawaongelea wale ambao gamba lao halifiki milimita tano, wengine hata mbili hazifiki, wanaishi kwenye majani yaliyodondoka, chini ya maganda ya miti, kwenye nyufa za mawe. Huku kwetu nyota wa mchezo ni jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Gulella, ina spishi mamia kwa mamia Afrika, na hawa hawali majani kabisa, wanakula nyama, yaani wanawinda konokono wenzao. Akiwa hai gamba ni jeupe linapitisha mwanga na ndani unaona mwili wa njano au rangi ya chungwa, anapendeza kweli. Lakini mgeuze umuangalie mdomo wa gamba chini ya hadubini, hapo ndipo utachanganyikiwa: mdomo umejaa meno. Sio meno ya kutafunia, ni vinundu vya gamba lenyewe, kimoja kinashuka kutoka juu, kingine kinatokea pembeni, kingine kimejificha ndani kabisa, mpaka unajiuliza mnyama mwenyewe anatokaje. Wengi tunadhani yanasaidia kuzuia wadudu wanaoingia kumla humo humo ndani. Kwa mtu wa kazi yangu hayo meno ndiyo kitambulisho, idadi yake, yamekaa wapi, lipi limegawanyika mara mbili.

(Ndugu zao wa jenasi ya Gonaxis walishasafiri mbali, yule Gonaxis kibweziensis ambaye jina lake limetoka Kibwezi kabisa, miaka ya 1950 akapelekwa Hawaii eti akawale konokono wakubwa waliotoka huku huku Afrika Mashariki wakawa kero kule. Kazi hiyo hakuimaliza, majitu yapo mpaka leo.)

Sasa kuwapata. Kuna kutafuta kwa macho, unapiga magoti unageuza majani na vijiti, lakini ukitegemea macho tu unarudi na wakubwa peke yao. Wadogo wanataka chekeche. Unajaza majani na udongo wa juu kwenye mfuko, unarudi nao, unaukausha taratibu, halafu unapitisha kwenye chekeche za matundu tofauti, makubwa kwanza kisha madogo, na ile iliyobaki mwisho, ambayo mtu mwingine angeifagia akaitupa nje, ndiyo unaimwaga kidogo kidogo kwenye trei nyeusi chini ya hadubini. Unasogeza punje na ncha ya brashi iliyoloa maji. Mchanga, mbegu, kinyesi cha jongoo, mguu wa mende, mchanga, halafu gamba. Unalinyanyua na brashi ile ile kwa sababu kibano kitalivunja, unalitia kwenye kichupa, unaendelea. Shingo inauma na hakuna njia ya mkato.

Walio hai wana taratibu zao. Ukimtupa moja kwa moja kwenye spiriti anajikunja ndani na hutamuona tena, kwa hiyo unamzamisha kwenye kichupa cha maji kilichojaa mpaka juu, hewa isibaki, kesho yake ametoka mwili mzima ndio unamhamishia kwenye ethanoli. Na hawa wenye meno mengi mdomoni ethanoli haiingii vizuri, inabidi utoboe gamba kidogo, la sivyo baada ya miezi unafungua unakuta ameozea humo ndani na DNA imekwenda na maji.

Wanapatikana wapi zaidi? Kwenye mawe ya chokaa, kwa sababu gamba ni kalsiamu tupu na pale kalsiamu ni ya bure, ndio maana sehemu kama mapango ya Shimoni kule pwani ya Kenya na Amboni kule Tanga mtu wa konokono hawezi kuzipita. Lakini sio chokaa tu, milima ya Usambara, Uluguru na Udzungwa sio ya chokaa na bado imejaa Gulella, kule kinachowabeba ni unyevu na misitu ambayo imedumu muda mrefu sana bila kukatika, kila mlima umejitenga na mwenzake, na konokono wa milimita tatu hawezi kuvuka tambarare kavu kwenda kutafuta mchumba mlima wa pili.

Haya, umerudi, umepanga mafungu. Fungu la kwanza la kuweka pembeni ni watoto. Gulella mtoto hana meno kamili, mpaka akomae ndio mdomo unajengeka, kwa hiyo gamba la mtoto hata liwe zuri vipi kwa utambuzi halikusaidii sana. Waliokomaa unawapima kimo na upana, unahesabu mizunguko, unaangalia kama gamba lina mistari iliyoinuka au ni laini, na ile mizunguko ya mwanzo kabisa pale kileleni, aliyoanguliwa nayo, ina nakshi zake ambazo kuziona vizuri unahitaji hadubini ya elektroni. Fungu moja linakataa kufanana na chochote unachokijua. Moyo unadunda. Hapo ndipo kazi inaanza.

Sheria ya majina ya wanyama ni rahisi kuisema na ngumu kuifuata: jina la kwanza lililotolewa kihalali kuanzia 1758, mwaka wa kitabu cha Linnaeus, yule Mswidi wa mfumo wa majina ya kisayansi, ndilo linaloshinda. Kwa hiyo ili niseme huyu ni mpya lazima nimalize majina yote ya zamani yanayoweza kumhusu. Na waliotangulia hawakuwa wachache. Yupo von Martens wa Berlin aliyeandika kitabu kizima cha konokono wa koloni la Wajerumani, 1897. Yupo Bourguignat, Mfaransa, huyu alikuwa na mkono mwepesi wa kugawa, gamba likinenepa kidogo tu tayari ni spishi nyingine, na kila jina lake hata kama ni la ovyo mtu lazima alikague. Yupo Preston, mfanyabiashara wa magamba kule Uingereza, miaka ya 1910 alitoa majina mengi ya huku kwetu, maelezo mafupi mafupi ya kukutia hasira. Upande wa Congo yupo Pilsbry, 1919, huyu namheshimu, mchoro wake unaeleweka. Halafu Verdcourt, mtu wa mimea kikazi, Nairobi na baadaye bustani ya mimea ya Kew kule London, lakini konokono wa Afrika Mashariki aliwafanyia kazi kwa miongo na miongo, bila karatasi zake wengi wetu tusingejua pa kuanzia.

Maandishi hayatoshi. Unahitaji kuona gamba lenyewe ambalo jina limefungwa kwake, holotaipu, na magamba hayo mengi yako kwenye makumbusho za London, Berlin, Paris, Geneva, na Tervuren kule Ubelgiji. Siku hizi wanatuma picha, ni afadhali sana, ila picha ikipigwa imepinda kidogo tu jino la ndani halionekani, na jino la ndani ndilo ulikuwa unalitafuta. Kuna makumbusho moja waliwahi kunijibu barua pepe wakati mimi mwenyewe nimeshasahau niliuliza nini. Tukiacha utani, mwenzangu aliye Ulaya anapanda treni asubuhi anaenda kuangalia droo, mimi naanza na viza, na hii ni sababu moja kubwa kwa nini mafungu mengi huku kwetu yanakaa miaka hayana jina.

Mtu ataniambia si upime DNA tu umalize. DNA inasaidia, tunatumia sana jeni la COI, kipande cha DNA cha kulinganisha spishi na spishi, lakini ina mitihani yake. Ute wa konokono unavuruga kazi maabara. Mnyama wa milimita mbili ukimtumia kwa DNA unaweza usibaki na mwili wa kupasua uangalie viungo vya uzazi, ambavyo navyo ni ushahidi mkubwa. Magamba matupu ya zamani kule makumbusho mengi hayana hata tone la nyama. Na konokono wa nchi kavu ndani ya spishi moja wanaweza kutofautiana hata zaidi ya asilimia 10 kwenye COI, kwa hiyo anayekuja na kiwango kimoja cha asilimia cha kutenganishia spishi zote mimi simsikilizi. Vitu vitatu vikikubaliana, gamba, mwili na jeni, hapo nalala usingizi.

Baada ya hapo ni kuandika. Lazima useme wazi holotaipu ni lipi na litahifadhiwa wapi, na kama jarida ni la mtandaoni tu kazi iandikishwe ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama. Vibali vya utafiti na vya kutoa sampuli nje ya nchi viwe mkononi, usianze kuvitafuta wakati makala imeshaandikwa. Msimamo wangu uko wazi, holotaipu ikae Nairobi au Dar es Salaam, Ulaya wapelekewe paratipu, yaani vielelezo vingine vya spishi hiyo vilivyotumika kuielezea. Yule mwanafunzi wa kesho asianze na viza kama mimi.

Na haraka ipo, sio ya kujisifu. Konokono wa chokaa anaweza kuwa na kilima kimoja tu duniani. Malaysia kulikuwa na Plectostoma sciaphilum, kilima chake kikachimbwa chote, naye akaisha. Nchi hiyo hiyo 2014 watafiti walimpa konokono mmoja jina Charopa lafargei, jina la kampuni ya saruji iliyokuwa inachimba kilima anachoishi. Uchokozi huo naupenda.

Ukikutana na mdogo kama hawa huko kwako na unataka kunitumia, usinitumie picha ya mgongo. Weka gamba limelala, mdomo unakutazama sawasawa, rula pembeni, mwanga wa pembeni usiwe wa juu, andika mahali na ulikuta chini ya nini. Tupu linatosha, aliye hai mwache alipo.