Dativu ya Kijerumani: maana yake na jinsi ya kuisikia kwenye video

Nomino ya Kijerumani hukaa katika mojawapo ya hali nne: nominativu (ya kiima), akusativu (ya kipozi, yaani kinachotendwa moja kwa moja), dativu na genitivu (ya umilikaji). Hali hizo huonyesha nomino inafanya kazi gani katika sentensi. Kazi kuu ya dativu inafahamika kwa yeyote aliyesoma sarufi ya Kiswahili, ila kwa jina la shamirisho kitondo. Katika "Mama anampa mtoto kitabu", kitabu ni kipozi na mtoto ni kitondo. Kwa Kijerumani: *Die Mutter gibt dem Kind ein Buch*. *Das Kind* limegeuka *dem Kind* kwa sababu mtoto ndiye anayepewa. Swali la kumtambua ni *Wem?*, yaani anapewa nani, anaandikiwa nani, anasaidiwa nani.

Kiswahili humwekea mtendewa alama ndani ya kitenzi: -m- ya "anampa", -i- ya "andikia". Kijerumani hakigusi kitenzi kwa ajili yake. *Gibt* hubaki *gibt*. Alama huwekwa kwenye neno dogo linalotangulia nomino, yaani artikeli, na neno hilo ndilo sikio letu huliruka, maana limezoea kutafuta habari kwenye kitenzi.

Maumbo yenyewe si mengi. *Der* (ya kiume) na *das* (isiyo ya kiume wala ya kike) huwa *dem*, *die* ya umoja (ya kike) huwa *der*, na *die* ya wingi huwa *den*. *Ein* huwa *einem*, *eine* huwa *einer*. Katika wingi nomino nayo huongezewa -n: *die Kinder*, *mit den Kindern*. Wingi unaoishia tayari kwa -n au kwa -s haubadiliki, kwa hiyo *mit den Frauen*, *mit den Autos*. Kivumishi kinachofuata artikeli ni rahisi kuliko kinavyotisha, kwani huishia -en kila mara: *mit dem alten Freund*, *mit der alten Freundin*. Viwakilishi ni *mir, dir, ihm, ihr, uns, euch, ihnen*, na *Ihnen* ya heshima. Zipo pia nomino za kiume zinazoongeza -n au -en hata katika umoja, kama *dem Kollegen*, *dem Studenten* na *dem Herrn*.

Anayekariri kwamba *der* ni alama ya kiume atakwama akikutana na *Ich helfe der Frau*. *Der* hiyo ni *die* iliyoingia kwenye dativu. Ndiyo maana kila nomino ikaririwe pamoja na artikeli yake ya nominativu. Bila hiyo hakuna pa kuanzia kubadilisha.

Vitenzi ndivyo vinavyotuchanganya zaidi. Tunasema "namwona" na "namsaidia" kwa -m- ileile, lakini Kijerumani hutenganisha: *Ich sehe ihn*, *Ich helfe ihm*. Hapo ndipo linapozaliwa kosa la *Ich helfe dich*. Vitenzi vya dativu vya kuanzia ni *helfen, danken, antworten, folgen, gehören, gefallen, schmecken, passen, gratulieren* na *zuhören*. Wapo wanaojaribu kubahatisha kwa kufuata kauli ya kutendea, na njia hiyo hupotosha: "nakupigia simu" ina -ia, lakini *anrufen* hutaka akusativu, *Ich rufe dich an*. Vivyo hivyo *Ich frage dich* ni akusativu na *Ich antworte dir* ni dativu. Basi kitenzi kikaririwe ndani ya sentensi fupi, kisikaririwe peke yake.

*Gefallen*, kinyume chake, hutufaa. *Das Buch gefällt mir* imejengwa kama "kitabu kinanipendeza": kitabu ni kiima, mimi ni mtendewa. Usiipitishe kwenye "ninapenda kitabu", utaharibu kiima. Na ukihisi baridi sema *Mir ist kalt*. *Ich bin kalt* inaweza kueleweka kuwa wewe ni mtu asiye na huruma.

Kuna vihusishi ambavyo hufuatwa na dativu daima: *aus, bei, mit, nach, seit, von, zu*, pamoja na *außer* na *gegenüber*. Hapa hakuna la kufikiria, ni kukariri tu kwa mdundo. *Mit dem Messer*, ambalo kwetu ni shamirisho ala "kwa kisu", limo humu. Baadhi yake huungana na artikeli: *zum, zur, beim, vom*.

Vihusishi tisa vingine, yaani *an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor* na *zwischen*, huchukua dativu au akusativu, na hapa kiambishi chetu -ni hakitusaidii. Kitabu "kiko mezani" na kitabu "nakiweka mezani": neno ni lilelile. Kijerumani husema *Das Buch liegt auf dem Tisch* kwa pale kilipo, na *Ich lege das Buch auf den Tisch* kwa pale kinapokwenda. Masomo mengi ya video hufupisha kwamba mwendo ni akusativu. Ufupisho huo una kasoro. *Ich laufe im Park* (*im* ni *in dem*) ina mwendo wa kutosha, lakini ni dativu, kwa sababu mkimbiaji yumo ndani ya bustani tangu mwanzo hadi mwisho. *Ich laufe in den Park* ni akusativu kwa kuwa anatoka nje na kuingia. Jiulize kama mahali panabadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine, usijiulize kama kuna kutembea.

Video ina faida moja ambayo kitabu na sauti tupu havina, nayo ni midomo ya mwalimu. *Dem* huishia midomo ikiwa imefumbwa, *den* huishia ikiwa wazi. Tazama midomo kwanza, tafsiri baadaye. Katika usemi wa haraka *mit dem* husikika kama *mit'm*, na *einem* kama *'nem*, hivyo usidhani artikeli imeachwa.

Chagua kipande cha dakika tatu hadi tano. Kitazame mara moja bila maandishi, kisha weka maandishi ya Kijerumani, si ya lugha nyingine. Maandishi yanayotengenezwa na mashine huweza kuchanganya *dem* na *den*, kwa hiyo tafuta video ambayo maandishi yake yameandikwa na mtu. Za Deutsche Welle, shirika la utangazaji la Ujerumani, zinapatikana bure. Mara ya tatu, simamisha video mara tu baada ya kihusishi au kitenzi, itamke artikeli mwenyewe, ndipo uendelee usikie. Kasi ya 0.75 inatosha, ukishuka hadi 0.5 sauti huharibika. Kila dativu unayoikamata iandike pamoja na sababu yake: kitondo, kitenzi, kihusishi, au mahali pasipobadilika. Ukikosa sababu katika hizo nne, yaelekea ulisikia vibaya, au ni usemi maalumu kama *Mir ist kalt*.

Jihadhari na somo linalomwaga majedwali yote ndani ya dakika kumi. Utalielewa lote na hutaweza kusema chochote. Akusativu itangulie, kisha *mir* na *dir*, halafu vihusishi vya kudumu, halafu vitenzi, na vile tisa mwisho. Baada ya kila somo geuza sentensi kwa mdomo: *Ich sehe den Mann, ich helfe dem Mann, ich gehe mit dem Mann*.

Mpangilio wa maneno uje ukishazoea hayo. Nomino mbili zikifuatana, dativu kwa kawaida hutangulia: *Ich gebe dem Kind das Buch*. Kipozi kikiwa kiwakilishi, chenyewe ndicho hutangulia: *Ich gebe es dem Kind*, *Ich gebe es ihm*.

Na ukisikia kwenye mahojiano ya mtaani mtu akisema *wegen dem Regen* (kwa sababu ya mvua), hujasikia vibaya. Wajerumani wengi huzungumza hivyo, ingawa kwenye karatasi ya mtihani andika genitivu, *wegen des Regens*.