Maana ya "josta", mkanda wa Walatvia

Kwa Kilatvia, lugha ya Latvia huko kaskazini mwa Ulaya, mkanda wa kiunoni huitwa josta. Lakini usilisome kama lilivyoandikwa: j yao ni y yetu, na hiyo o hutamkwa u na o kwa mfululizo, kwa hiyo utasikia "yuosta". Walithuania, majirani wao wa kusini, huandika juosta, na matamshi ni karibu yaleyale. Lugha hizi ni ndugu, na ndizo mbili pekee za kundi la lugha za Kibalti zilizobaki hai.

Asili ya josta ni kitenzi jozt, yaani kufunga kitu kiunoni. Mzizi wake ni mkongwe mno, wa enzi za lugha mama ya lugha nyingi za Ulaya, Iran na India. Kutoka hukohuko Warusi wana poyas, na Wagiriki wa kale walikuwa na zone, mkanda wa kiunoni. Hilo la Kigiriki ndilo Kilatini kikalichukua, na baadaye lugha kadhaa za Ulaya zikalitumia kutaja sehemu ya nchi au ya dunia. Kilatvia nacho kina josla, ukanda au mfuo mrefu, na laika josla ni ukanda wa saa. Nasi tunasema ukanda wa Pwani, ingawa hatujaazima kwa yeyote kati yao.

Kuna jingine linalonifurahisha zaidi: jostas roze, kwa tafsiri ya moja kwa moja "waridi la mkanda". Ni ule ugonjwa wa vipele vyenye maumivu makali vinavyozunguka upande mmoja wa mwili, ambao kwetu huitwa mkanda wa jeshi. Virusi vyake ni vya tetekuwanga, vilivyojificha kwenye neva miaka mingi kisha vikaamka.

Katika gari, mkanda wa usalama ni drošības josta. Ila mkanda wa ngozi wa suruali mara nyingi huitwa siksna. Josta hasa hukumbusha mkanda wa kufumwa wa mavazi ya asili, na unaosifika kuliko yote ni wa Lielvārde, mji ulio kando ya mto Daugava: mapambo mekundu juu ya kitambaa cheupe, maumbo yakibadilikabadilika kutoka ncha hadi ncha, na urefu wa kutosha kuzungushwa kiunoni mara kadhaa.